Risiti Iko Mkononi mwa Nani? Kutoka Mashine za Gemu hadi Mbolea ya Mbinga

Mwezi Agosti 1914 meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, mahali ambapo leo tunapaita Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Nahodha wake, Berndt, alifahamiana vyema na Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen. Husimuliwa kwamba walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Siku moja Guendolen ilitokeza na kufyatua mzinga. Husimuliwa pia kwamba Berndt aliingia katika chombo kidogo, akamfuata mwenzake akimfokea, akidhani kalewa. Huko ndiko alikoelezwa kwamba nchi zao ziko vitani na kwamba yeye sasa ni mateka. Habari za vita zilikuwa zimemfikia Mwingereza kwa telegrafu. Upande wa Liuli zilikuwa hazijafika.

Wanafunzi wangu hucheka nikiwasimulia kisa hiki. Kisha huwauliza: Berndt alikosea nini? Hakuvunja sheria wala hakuzembea kazini. Kosa lake lilikuwa kuishi mahali ambapo waya haukufika. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, swali la nani amefikiwa na mtandao na nani hajafikiwa bado linaamua nani apate na nani akose. Katika makala haya nitalitazama swali hilo kupitia jambo ambalo wasomi wengi huliona la kitoto, yaani historia ya makufuli katika mashine za gemu. Naamini historia hiyo ina funzo kwa watumishi wa umma wanaobuni mifumo ya kidijitali kwa ajili ya wananchi, na kwa vijana wanaodai haki zao mbele ya mifumo hiyo.

Kibanda cha gemu

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, nilipofika Mbinga mjini wakati wa likizo, sikuweza kupita karibu na stendi bila kusikia kelele za vibanda vya gemu. Ndani mlikuwa na televisheni ya chogo, benchi la mbao, na mashine ya PlayStation 2 yenye pedi mbili zilizochakaa. Gridi ya Taifa ilikuwa haijafika. Iliingia Ruvuma mwaka 2018 kwa njia ya umeme ya Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo mji ulitegemea mitambo ya dizeli, na umeme ulipokatika mwenye kibanda aliwasha jenereta yake au akafunga mlango. Diski zake zilikuwa nakala zilizoandikwa majina kwa maka peni. Mashine yenyewe ilikuwa imefunguliwa na kuwekewa chipu ili ikubali nakala hizo. Vijana walilipa kwa mechi, aliyefungwa akainuka, mwingine akakaa.

Kwa mujibu wa sheria, kibanda kile kilikuwa na makosa. Kwa upande wa pili, sikupata kuona duka lililouza diski halali katika mji ule wala katika barabara yote ya kushuka ziwani. Kijana wa Mbinga hakuchagua kati ya nakala na diski halali. Alichagua kati ya nakala na kukosa kabisa. Tukishika ukweli huo wa pande mbili, tunaweza kuisoma historia ya makufuli bila kumtukuza mwizi na bila kumtetea mwenye kiwanda kupita kiasi.

Chipu mbili zinazosalimiana

Mwaka 1983 biashara ya gemu za nyumbani iliporomoka nchini Marekani. Maduka yalikuwa yamejaa kaseti hafifu, na wanunuzi wakazikimbia. Nintendo ya Japani ilipoingia katika soko hilo mwaka 1985 ilileta mashine yenye chipu iliyoitwa 10NES, na chipu pacha ndani ya kila kaseti iliyoidhinishwa. Mashine ikiwashwa, chipu hizo husalimiana mfululizo. Moja ikikosa kuitikia ipasavyo, mashine hujizima na kujiwasha tena na tena.

Wengi hudhani kwamba kufuli hilo liliwekwa kuwazuia watoto kunakili. Shabaha yake kubwa ilikuwa kampuni nyingine. Aliyetaka kutengeneza gemu kwa ajili ya mashine ile alilazimika kupita mlango wa Nintendo, akakubali masharti yake na kulipa ada yake. Kampuni ya Atari Games, kupitia tawi lake la Tengen, ilichoka na mlango huo. Wanasheria wake walikwenda katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, wakadai kwa uongo kwamba wanahitaji programu ya chipu ile kwa ajili ya kesi iliyoko mahakamani, nao wakapewa. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ilisimama upande wa Nintendo. Hata hivyo ilieleza jambo ambalo wanafunzi wa sheria wanapaswa kulikumbuka: kuichambua bidhaa uliyoipata kihalali ili kuelewa inavyofanya kazi kunaweza kuwa matumizi halali. Kilichoiponza Atari ni hila yake.

Kufuli lile lilikuwa na athari nyingine ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote. Vyuma vya kupokelea kaseti vilipolegea kwa matumizi, chipu zilishindwa kusikilizana, na taa ya mashine ikabaki kupepesa. Mtoto mwenye kaseti halali, aliyenunuliwa na mzazi wake kwa fedha halali, alikaa akiipuliza kaseti akidhani ni vumbi. Kufuli lilikuwa limemkamata asiye na hatia, na halikuwa na njia ya kumsikiliza.

Herufi nne pembeni mwa diski

Sony ilipoanza kuuza PlayStation nchini Japani mwezi Desemba 1994, diski zilikuwa zimechukua nafasi ya kaseti, na diski ni rahisi kunakili. Wahandisi wakaficha mtikisiko mdogo katika mzingo wa ndani wa diski, ambao kompyuta ya kawaida haikuweza kuunakili. Mtikisiko huo ulibeba herufi nne za kutaja soko: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine isipozisoma herufi za soko lake haichezi. Chipu za mafundi zilifanya kazi moja tu, nayo ni kuinong'onezea mashine herufi inazozitaka.

Hapa ndipo ugomvi wa kisheria ulipokuwa mtamu. Aliyenunua diski halisi Marekani akaiweka katika mashine ya Ulaya alikataliwa sawasawa na mwenye nakala ya magendo. Kufuli la kuzuia wizi lilikuwa pia ukuta wa kugawa masoko. Mwaka 2002 mahakama ya Uingereza iliipa Sony ushindi dhidi ya muuza chipu. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, iliamua kinyume, kwa hoja kwamba mtikisiko ule haukuzuia kunakili. Ulizuia kucheza tu. Mataifa mawili yenye mapokeo ya sheria yanayofanana yalitazama chipu moja yakaona vitu viwili tofauti.

Sisi tulilifahamu suala hilo kwa njia ya kanda za muziki. Tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, lakini wanamuziki waliorekodiwa katika studio ya Radio Tanzania walisikia nyimbo zao zikiuzwa katika kanda zilizorudufiwa vibandani, wao wakiambulia sifa tu. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1999, na Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001. Anayebuni ana haki ya kula kwa jasho lake. Sitaki msomaji adhani napuuza haki hiyo. Hata hivyo, Mbinga ni nchi ya ngolo, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Ngolo ilienea kwa jirani kumwiga jirani, bila leseni ya mtu yeyote. Jamii huhitaji kulinda ubunifu na huhitaji pia kuiga. Mizani ya mambo hayo mawili ni kazi ya siasa, na si busara kumwachia mhandisi wa kiwanda peke yake.

Mwaka 2013: mashine inayoripoti

Makufuli hayo mawili, pamoja na kasoro zake, yalikuwa na sifa moja. Yote yalikaa ndani ya chombo. Mwenye mashine na diski halali angeweza kwenda nazo Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, akawasha jenereta, akacheza. Hakumwomba mtu ruhusa. Ushahidi wa uhalali wake ulikuwa ndani ya diski aliyoishika.

Mwaka 2013 ushahidi huo ulijaribiwa kuhamishwa. Mwezi Machi kampuni ya EA ilitoa gemu ya kompyuta ya SimCity, ambayo haikuchezeka bila kuunganishwa na seva, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Seva zikazidiwa. Watu waliokwisha kulipa walikaa siku kadhaa nje ya mlango wa kitu chao. Walipouliza kwa nini gemu isicheze bila intaneti, wakaelezwa kwamba seva hubeba sehemu ya mahesabu yake. Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyo hiyo ilitoa maboresho yaliyoiwezesha kucheza bila intaneti.

Tarehe 6 Juni 2013 Microsoft ilieleza masharti ya mashine yake mpya, Xbox One. Mashine ingelazimika kuripoti kwa seva za kampuni walau mara moja kila saa 24. Ukichezea gemu zako katika mashine ya mtu mwingine, ingebidi kuripoti kila saa moja. Gemu ya diski ungeweza kumpa rafiki mara moja tu, naye awe amekaa katika orodha ya marafiki zako kwa siku 30. Kampuni ilitoa na orodha ya nchi 21 ambako huduma hiyo ingefanya kazi wakati wa uzinduzi. Hapakuwa na hata nchi moja ya Afrika. Japani haikuwamo. Poland nayo haikuwamo, ingawa gemu ya The Witcher 3, mojawapo ya zile zilizotumika kuinadi mashine hiyo, ilikuwa ikitengenezwa na kampuni ya Poland.

Lilipoulizwa swali la watu wasio na intaneti, Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa kitengo hicho, alijibu kwamba wapo na wana bidhaa yao, nayo ni mashine ya zamani, Xbox 360. Katika mazungumzo hayo aliwataja pia wanaoishi ndani ya nyambizi za nyuklia, kana kwamba kukosa mtandao ni tatizo la mabaharia wachache walio chini ya bahari. Ndugu msomaji, mvuvi wa Nyasa hahitaji nyambizi ili akose mtandao. Anahitaji tu kupiga makasia.

Tarehe 10 Juni, katika maonyesho ya Los Angeles, Sony ilitangaza kwamba PlayStation 4 haitaripoti popote wala haitazuia diski iliyokwisha kutumika. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Sony ikatoa na filamu fupi ya kufundisha namna ya kumwazima mwenzako gemu: mtu mmoja anamkabidhi mwingine kasha, basi. Siku tisa baadaye Microsoft ilirudi nyuma na kufuta masharti yake. Kwa haki lazima niongeze kwamba mpango ule ulikuwa na kitu cha kuvutia. Familia ya hadi watu kumi ingeweza kutumia kwa pamoja maktaba moja ya gemu bila kubeba diski. Masharti yalipofutwa, faida hiyo nayo ilifutwa. Walioandamana kwa maneno walijua watakachopoteza, wakachagua diski mkononi.

Wakati huohuo, mwanzoni mwa mwaka huo wa 2013, Sony ilikuwa imesitisha utengenezaji wa PlayStation 2 baada ya kuuza mashine zaidi ya milioni 150. Mashine ya vibanda vyetu ilistaafu katika mwaka uleule ambao viwanda vilijaribu kuhakikisha kwamba kibanda cha namna ile hakitawezekana tena.

Ushindi uliokwisha kimyakimya

Ushindi wa Juni 2013 haukudumu kama washangiliaji walivyodhani. Watu walihamia kununua gemu kwa kupakua, na kitu kilichopakuliwa hakina kasha la kumkabidhi jirani. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka mwaka 2014. Walioinunua, hata waliokuwa na diski, walibaki na kipande cha plastiki. Kampeni ya kudai kwamba gemu zilizouzwa zisiuawe namna hiyo ilizaliwa mwaka huohuo, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni moja. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa kitu cha kidijitali anachoweza kukuondolea, asipokueleza waziwazi kwamba unachopata ni leseni.

Sheria hiyo ya California haikumrudishia mtu gemu yake. Ilichodai ni kwamba maneno yaseme kweli. Huo ni mwanzo mwema. Makufuli ya kwanza yaliuliza, "Je, kitu hiki ni halali?" na jibu lilikuwa ndani ya kitu chenyewe. Makufuli ya sasa huuliza, "Je, mwenye seva bado anakubali?" na jibu liko mbali, katika nyumba ya mtu mwingine.

Kipande, stakabadhi na namba

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la michezo. Watu wa Ruvuma wanaijua historia ndefu ya kutakiwa kuthibitisha. Enzi ya ukoloni, aliyekwenda manamba katika mashamba ya mkonge alibeba kipande kilichohesabu siku zake 30 za kazi. Aliyelipa kodi ya kichwa alitunza risiti yake kama roho yake. Baada ya uhuru kodi ya namna hiyo ilifutwa, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na wazee wanakumbuka jinsi wanaume walivyosimamishwa njiani kuonyesha stakabadhi hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Ulikuwa utaratibu wa kudhalilisha, na sina hamu nao. Lakini tazama kitu kimoja. Serikali ikishakupa stakabadhi, stakabadhi ilikuwa yako. Mgambo angeweza kukusumbua, lakini ukiitoa mfukoni mjadala uliisha. Hakuna aliyeweza kuizima akiwa Dar es Salaam. Hata utawala wa kikoloni, kwa ukatili wake wote, uliuacha ushahidi wa malipo mkononi mwa aliyelipa.

Mpango wa vocha za pembejeo, ulioanza kutekelezwa kwa upana msimu wa 2008/09 na kuishia 2013/14, ulifuata mantiki hiyohiyo. Ruvuma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyolengwa. Mkulima alipewa vocha za karatasi kupitia kamati ya kijiji, akazipeleka kwa wakala, akaongeza sehemu yake ya bei, akachukua mbolea na mbegu. Karatasi haikuhitaji mtandao. Ilihitaji uaminifu, na uaminifu ulipungua: vocha ziliuzwa, saini zikaghushiwa, mawakala wakalipwa kwa mbolea ambayo haikumfikia mtu. Nakala haramu ya vocha ni hatari kuliko nakala haramu ya gemu, maana huibia shamba.

Msimu wa 2022/23 Serikali ilirudisha ruzuku kwa njia mpya. Mkulima husajiliwa, hupewa namba, na wakala huihakiki namba hiyo katika mfumo wa kidijitali wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania kabla ya kumuuzia kwa bei ya ruzuku. Nia ya kuziba mianya ya vocha ni njema na naiunga mkono. Lakini yeyote aliyesoma habari za mwaka 2013 atajiuliza swali lilelile: siku mtandao ukiyumba, nani anabeba hasara? Mfumo hautapata njaa. Wakala atafunga duka, afungue kesho. Mkulima aliyetoka kijijini kwa nauli ya bodaboda, mvua zikiwa zimekwisha anza, atarudi mikono mitupu ilhali ana haki kamili. Yeye ndiye yule mtoto mwenye kaseti halali na taa inayopepesa, tofauti ikiwa kwamba mahindi hayasubiri.

Tumewahi kuonja jambo la aina hii mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia kwa kutumia rajisi kuu ya namba za utambulisho wa simu. Matangazo yalitolewa kwa miezi kadhaa, na kila mtu aliweza kutuma namba ya simu yake kwenda 15090 kujua hali yake. Hayo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, aliyenunua dukani kwa nia njema, akiamini ananunua simu halisi, ndiye aliyebaki na kifaa kisicho na kazi. Aliyemuuzia alikuwa amekwisha hesabu faida yake.

Somo la LUKU

Je, hakuna njia ya tatu, kati ya karatasi inayoghushiwa na seva inayotakiwa kuulizwa kila mara? Ipo, na imetundikwa ukutani mwa nyumba zetu. Mita ya LUKU haiulizi mtandao. Ukinunua umeme unapewa namba yenye tarakimu 20. Namba hiyo imefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, na mita hukumbuka namba ilizokwisha kupokea. Ukimpa jirani nakala, haimfai. Ukiirudia, mita inaikataa. Wizi umezibwa bila mita kuripoti popote. Mtu anaweza kununua umeme penye mtandao, akaandika namba kwenye karatasi, akashuka hadi kijiji kisicho na mtandao wowote, akabonyeza tarakimu zake gizani na taa ikawaka.

Mfumo huo una udhaifu wake, nao unafundisha. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU ulipoyumba kwa siku kadhaa, waliokuwa bado na uniti waliendelea kutumia umeme. Waliokwisha uniti ndio waliokaa gizani. Hasara ilikuwa kubwa, lakini haikumnyang'anya mtu alichokwisha kulipia. Mwaka 2024 likaja jambo jingine. Namba hizo hubeba ndani yake hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, duniani kote. Ilibidi kila mita iingiziwe namba maalumu kabla ya siku hiyo. Hapa kwetu wateja walipewa namba hizo, wakaziingiza wao wenyewe. Mwisho wa mfumo ulijulikana mapema, ukatangazwa, na mwananchi akapewa ufunguo wa kuvukia. Linganisha na The Crew.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba makufuli yaondolewe. Anayebuni gemu, anayelipa ruzuku kwa fedha za walipa kodi na anayezalisha umeme wote wana haki ya kujilinda dhidi ya wizi. Hoja yangu ni kwamba kufuli likishakubali malipo au haki ya mtu, ushahidi wa haki hiyo ukae mkononi mwake.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya na ambao kesho watakaa katika kikao cha kupitisha mfumo mpya, napendekeza maswali manne ya kumuuliza mshauri mwelekezi. Kwanza, mtandao ukikatika kwa siku tatu mwambao wa Nyasa, nani atapata hasara, na je, ndiye aliyesababisha? Pili, mwananchi anaondoka na kitu gani mkononi, iwe namba, karatasi yenye msimbo au ujumbe, ambacho kinaweza kuhakikiwa palepale bila kuuliza makao makuu? Tatu, mfumo ukimkataa mwenye haki, yuko ofisa gani wa kata au kijiji mwenye mamlaka ya kumsikiliza siku hiyohiyo? Nne, siku mfumo utakapozimwa, maana kila mfumo huzimwa, haki zilizomo zitahamishiwaje?

Atakayejibu kwamba minara inajengwa na karibu kila kijiji kitafikiwa, nitamjibu kwamba naifurahia minara. Lakini haki ya mtu isisubiri mnara. Kwa miaka mingi kila ahadi ya maendeleo imefika Mbinga na Nyasa baada ya kufika kwingine: lami, gridi, intaneti. Mfumo unaodhani kwamba wote tumeunganishwa humtoza faini yule aliyefikiwa mwisho kwa sababu tu alifikiwa mwisho.

Na kwa vijana: msidharau ugomvi wa wacheza gemu wa mwaka 2013. Walikuwa watu wasio na chama wala wakili, wakilalamikia kitu ambacho wakubwa walikiita mchezo, na ndani ya majuma mawili kampuni tajiri kuliko serikali nyingi ilibadili uamuzi wake. Walifaulu kwa sababu waliuliza swali jepesi ambalo halikuwa na jibu la heshima: nimekwisha lipa, kwa nini niombe tena? Mkulima wa Mbinga anastahili kuuliza swali hilohilo akiwa amesimama mbele ya duka la pembejeo, na anastahili jibu bora kuliko lile alilopewa Berndt pale Liuli, kwamba mambo yalibadilika jana na yeye hakupata habari.